Novemba Mnachelewa: Marekani Huamuliwa Kwenye Mchujo

Wasee, uchaguzi wa Marekani ukifika tunakesha Novemba tukitazama ramani ikibadilika rangi: nyekundu ya Republican, buluu ya Democratic. Poa. Lakini mimi naona tunaanza kuangalia sinema ikiwa inaisha. Uamuzi mkubwa mara nyingi hufanywa miezi kadhaa nyuma, kwenye kura za mchujo za vyama, na wanaojitokeza huko ni wachache.

Chukua New York, Juni 2018. Joe Crowley alikuwa mbunge tangu 1999, kigogo wa Democratic. Akapingwa na Alexandria Ocasio-Cortez, dem wa miaka 28 aliyekuwa akifanya kazi ya baa. Eneo lile lina watu kama 700,000. Kura zote za mchujo hazikufika hata 30,000. Kigogo akaanguka, na Novemba ikawa kugonga muhuri tu, maana eneo hilo ni ngome ya Democratic. Chuo niliacha, lakini hesabu hii naiweza: watu wasiotosha kujaza Kasarani ndio walichagua mbunge.

Na hiyo nguvu wananchi hawakuipata bure. Mwaka 1968 Hubert Humphrey alipewa tiketi ya urais ya Democratic bila kuingia mchujo hata mmoja. Wakubwa wa chama walimpitisha Chicago, huku nje vijana waliopinga vita vya Vietnam wakichapwa na polisi. Humphrey akashindwa na Richard Nixon. Chama kikabadilisha kanuni zake, na kuanzia 1972 wapiga kura wa mchujo wakawa na usemi mkubwa.

Tangu hapo, mwenye watu anaweza kuingia chamani hata wenye nyumba wakinuna. Mwaka 2016 vigogo wengi wa Republican hawakumtaka Donald Trump. Wapiga kura wa mchujo walimtaka. Kesi ikaisha hapo. Umpende usimpende, hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda.

Sisemi wakubwa wameisha nguvu. Wafadhili bado wanasikizwa, na Joe Biden alipojiondoa Julai 2024, Kamala Harris alipata tiketi kwa kura za wajumbe wa chama, bila mchujo mwingine.

Sasa kuna msee ataniambia: "Si mtu asimame tu kama mgombea huru?" Manze, muulize Ross Perot. Mwaka 1992 alipata karibu asilimia 19 ya kura za wananchi kote Marekani. Kura za wajumbe wanaomchagua rais alipata ngapi? Sufuri. Ama muulize Andrew Cuomo, aliyewahi kuwa gavana wa New York. Juni 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala hapo jirani, alimbwaga kwenye mchujo wa Democratic wa umeya. Cuomo akarudi Novemba kama mgombea huru, akabwagwa tena.

Halafu shika hii: New York, huwezi kupiga kura kwenye mchujo wa chama kama hujajiandikisha kuwa wa chama hicho. Kwa hivyo kijana aliyejisifu kwamba yeye hana chama, siku ile Mamdani anachaguliwa alikuwa mtazamaji kama mimi na wewe huku Nairobi. Tofauti ni kwamba yeye ndiye anaishi na meya huyo.

Ndio maana naandika haya. 2024 tulisema hatuna kiongozi, hatuna kabila, hatuna chama. Barabarani hiyo ilitusaidia, kwa sababu hakukuwa na mtu mmoja wa kununuliwa. Lakini karatasi ya kura ya 2027 itakuja imejaa majina yaliyotoka kwa vyama. Na hapa kwetu ni ngumu kuliko kule, maana mkubwa wa chama anaweza kumpa mtu wake tiketi ya moja kwa moja, na wewe ukasikia kwa redio.

Najua vyama vyetu vinachosha. Hata mimi vinanichosha. Lakini chama hakifi kwa sababu wewe umekikasirikia. Kinabaki na wale wale, wanapanga majina, wanakuletea Agosti uchague kati ya wawili ambao huwapendi. Afadhali tuingie wengi, tudai mchujo wa kweli, tupige kelele tukiwa ndani.

Kama huna chama, niambie: jina utakalolipigia kura 2027, ni nani anakuchagulia saa hii?