Kipandauso na vidonge vya kila siku

Tukizungumzia kipandauso tusipite haraka kwenye dawa za maumivu, maana hapo ndipo wengi tunapoumia. Mwenye kipandauso akimeza panadoli karibu kila siku, dawa yenyewe huanza kumletea kichwa. Wataalamu wameweka mpaka: siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa dawa za kawaida, siku 10 kwa zile za mchanganyiko na triptani (dawa maalumu za kipandauso), ikiendelea zaidi ya miezi 3. Muuza dawa hatakwambia. Atauliza unataka za shilingi ngapi.

Dada yangu ana kipandauso tangu kidato cha pili. Nyumbani tunakijua kabla hakijaanza: anapiga miayo mfululizo mchana kweupe, anajikanda shingo, anatamani vitu vitamu. Kesho yake yuko chumbani, pazia limeshushwa, ndoo kando ya kitanda, hataki hata harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Majirani husema malaria, kama kawaida yao. Alipoanza kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani, ikaonekana mara nyingi kinamjia karibu na hedhi, na siku za mwanzo za Ramadhani anapokosa kahawa. Sasa kahawa anaipunguza tangu Shaabani, na daktari amemwandikia propranololi ya kuzuia. (Wenye pumu msiiguse kabla ya kumwambia daktari.)

Lakini kichwa kinachopasuka ghafla kwa nguvu zote, au kinachokuja na homa na shingo kukakamaa, hicho si cha kujifungia gizani. Nendeni hospitali usiku huohuo.