Pesa za Mirathi na Subaru ya Mwaka 2004



Wapenzi wasomaji, juma hili nimepokea barua ya mama mmoja wa hapa Homa Bay, naye ameniruhusu niijibu ukumbini bila ya kumtaja jina. Mumewe alifariki mwaka jana. Amemwacha yeye, mwana wa kiume wa miaka 24 aliye fundi wa pikipiki mjini, na mabinti wawili: mmoja wa miaka 21, mwingine wa miaka 10 ambaye yungali skuli. Wazazi wa marehemu walikwisha kutangulia. Baada ya kulipwa madeni, na kuuzwa mashua ya uvuvi pamoja na mashine yake, zimebaki shilingi 800,000. Kijana ameona Subaru Impreza ya mwaka 2004, yenye turbo, inauzwa Kisumu kwa shilingi 650,000. Ataka kuinunua na kuifanyia kazi kwa mikono yake mwenyewe mpaka irudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani, na ikiwezekana iipite hali hiyo. Mama auliza: je, huu si ubadhirifu? Na je, amzuie?

Nianze kwa kusema kwamba kupenda chombo cha mbio si aibu. Tumepokea katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindanisha farasi. Wale waliofunzwa na kuandaliwa walikimbia masafa marefu, kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wale wasioandaliwa wakapewa masafa mafupi. Mwenye kuzingatia ataona kuwa hata mnyama hakuombwa mbio ambazo hakuandaliwa. Na vijana wetu wa Kenya hawakuliokota penzi la Subaru njiani. Colin McRae alishinda mbio za Safari kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Mbio hizo ziliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, wengi waliokwenda kutazama ni watoto waliosimuliwa habari hizo na baba zao.

Lakini, dada yangu, swali la kwanza si la gari. Ni la pesa hizo 800,000: za nani?

Katika barua yako umeandika “pesa za nyumba”. Nyumba haina pesa. Siku ile mumeo alipokata roho, mali yake ilikwisha kuwa na wenyewe, nao wanajulikana kwa hesabu. Wewe mjane, kwa kuwa ameacha watoto, una thumni, yaani shilingi 100,000. Zinabaki 700,000, ambazo watoto hugawana kwa kadiri ya mwana wa kiume kupata mafungu mawili na binti fungu moja. Hayo ni mafungu manne ya 175,000. Kwa hiyo kijana ana 350,000, na kila binti ana 175,000. Gari la 650,000 haliwezi kununuliwa kwa fungu la kijana. Litanunuliwa kwa fungu lake, na la dada yake, na sehemu kubwa ya fungu la yule yatima wa miaka 10.

Hapo ndipo moyo wangu uliposimama niliposoma barua. Binti wa miaka 21 ni mtu mzima. Akishakabidhiwa haki yake mkononi, akaihesabu, kisha akataka kumkopesha au kumpa ndugu yake kwa ridhaa, hakuna wa kumzuia. Nasema akishakabidhiwa, kwa sababu ridhaa ya msichana anayeulizwa mbele ya ndugu, mama na ami zake, juu ya pesa ambazo hajawahi kuzishika, mara nyingi huwa ni haya tu. Ama yule mdogo, yeye hawezi kuridhia, wala wewe huwezi kuridhia kwa niaba yake. Fungu lake ni amana. Litumike kwa ada yake ya skuli na maslahi yake, au likuzwe katika biashara ya halali, na hesabu iandikwe. Pakitokea mvutano, mlango wa Mahakama ya Kadhi hapo Kisumu u wazi, na sheria ya urithi ya Kenya imetuachia Waislamu tugawane kwa sheria yetu.

Basi tuseme mgao umefanyika. Kijana ana 350,000 zake, na labda ana akiba yake ya ufundi. Sasa twaweza kuzungumza juu ya gari.

Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8. Kwa hiyo Impreza ya mwaka 2004 haitoki Japani leo. Iko humu nchini tangu zamani, na imepita mikononi mwa vijana kadhaa, kila mmoja akiwa na mguu mzito. Wako watakaomnong'oneza kwamba liko jingine rahisi ng'ambo ya Isebania, kwa kuwa Tanzania huyaruhusu magari makongwe zaidi kwa kuyatoza ushuru wa ziada. Gari lililovushwa mpaka bila ya ushuru wa kwetu ni mali ya kesi. Aliache.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika bei, atazame kumbukumbu za gari kwa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, kupitia mtandao wa serikali. Atajua mwenyewe ni nani, na kama gari limewekwa rehani. Mikopo ya kuweka kitabu cha gari imeenea mno siku hizi, na riba yake ni nzito. Wako wauzao gari hali ya kuwa mkopeshaji bado analidai. Kisha alinganishe namba ya injini na ya bodi na zile zilizoandikwa kitabuni, kwani Subaru nyingi za umri huo zimekwisha kubadilishwa injini.

Wasomaji wanaikumbuka habari ya mnyama aliyefungwa chuchu siku kadhaa ili maziwa yajae, mnunuzi amdhanie kuwa ni wa maziwa mengi. Mtume alimpa mnunuzi wa mnyama huyo siku tatu: akitaka atabaki naye, akitaka atamrudisha. Kila nikisikia habari za magari nakumbuka hadithi hiyo. Mita ya mwendo ikirudishwa nyuma, huko ni kufunga chuchu. Oili nzito ikimiminwa ili kuzima mgongo wa injini unaogonga, ni kulekule. Fundi mmoja mtu mzima wa hapa alinieleza namna ya kulikagua gari la aina hii, nami nayaandika kwa sababu mama naye anafaa kuyajua, asije akaambiwa kuwa mambo hayo ni ya wanaume.

Gari litazamwe asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyekwisha kulipasha moto kabla hamjafika ana jambo. Injini ya Subaru ina silinda zilizolala pande mbili zikitazamana, na ugonjwa wake mashuhuri ni gasketi ya kichwa. Ukifunguliwa mfuniko wa redieta kabla ya kuwasha, maji yasiwe na mafuta juu. Na gari likinguruma, povu lisiendelee kupanda. Moshi wa samawati maana yake linakula oili, na katika gari la turbo yafaa kuliogopa hilo. Aulize ukanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika katika injini ile vali hupinda, na gharama yake yaweza kukaribia bei ya injini nyingine. Muuzaji akisema “hilo sijui”, basi ukanda huo ukahesabiwe kuwa haujabadilishwa, na bei ipungue kwa kadiri hiyo. Kuficha kasoro ni ghushi, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha. Afadhali hayo yaandikwe karatasini mbele ya mashahidi, maana ukishafika Homa Bay na gari bovu, muuzaji wa Kisumu hapokei simu.

Sasa kulitengeneza. Nawasikia vijana wakianza na bomba la moshi linalopiga kelele na turbo kuongezwa nguvu. (Jirani zetu wa barabara ya soko hulisikia bomba hilo wakati wa isha, na haki ya jirani haikuandikwa kwa ajili ya moshi wa jikoni peke yake.) Turbo ikiongezwa nguvu pasi na kurekebishwa mafuta, pistoni huvunjika, na tena injini hizi zilipimwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo haifanani na hii ya kawaida ya vituo vyetu. Pesa ya kwanza iende kwenye breki, kisha tairi, kisha shokabu na bushi, kisha redieta na mipira yake ya maji, hasa kwetu penye joto la ziwa na mlima wa kwenda Rongo. Tairi lina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi kongwe hupasuka hata likiwa na meno.

Kijana akitaka mfano, amtazame Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, si mbali na sisi. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliushinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, waliyoinunua baada ya timu ya kiwanda kuikimbiza mwaka uliotangulia. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Na katika mbio zile, kumaliza ndiko kulikowashinda wengi.

Kwa 350,000, huenda kijana asiipate ile ya turbo, bali Impreza ya kawaida, na ziada kidogo ya kuibadilishia breki. Si haba kwa fundi wa miaka 24. Asisahau bima, ile ya kumlinda mtu wa tatu ni lazima kisheria, na takaful ipo Kenya tangu mwaka 2011.

Umeuliza mwisho, dada yangu, kama waweza kumwongezea kutoka thumni yako. Mali ni yako, na kumkopesha kwa maandishi hakuna ubaya. Lakini ukimpa zawadi, wape na mabinti mfano wake, kwani Mtume alikataa kushuhudia zawadi ya baba aliyempa mtoto mmoja akawaacha wengine. Gawa kwanza, hata juma hili, kabla kijana hajapanda matatu kwenda Kisumu.

Wallahu aalam.