Usonji na Tiba ya Kusikiliza: Tusiuze Ng'ombe Bure

Katika familia zetu wapo watoto wenye usonji. Mtoto wa namna hii huweza kuchelewa kusema, hupenda kurudia jambo lile lile, na mara nyingi husumbuliwa na sauti. Kengele ikilia au mashine ya kusaga ikinguruma, huziba masikio na kupiga kelele. Huo si utukutu, si pepo, wala si malezi mabaya. Sauti ambayo sisi tunaizoea, yeye inamuumiza kweli.

Kwa hiyo si ajabu kwamba wazazi wengi hutamani tiba ya masikio. Huko Ufaransa daktari Guy Bérard alibuni mashine inayobadilisha muziki: hupunguza baadhi ya sauti, na kubadilisha ghafla kati ya nyembamba na nzito. Mtoto huvaa hedifoni na kusikiliza nusu saa, mara 2 kwa siku, kwa siku 10. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tiba hiyo ilivuma sana baada ya mama mmoja Mmarekani, Annabel Stehli, kuandika kitabu kuhusu binti yake aliyepata nafuu.

Lakini ushuhuda wa mama mmoja, hata ukiwa wa kweli, hautoshi. Mwaka 1996 Australia ilitoa matokeo ya watoto 80. Nusu walisikiliza muziki uliobadilishwa na mashine, nusu muziki wa kawaida. Makundi yote mawili yalipata nafuu sawa. Basi mashine iliongeza nini? Mwaka 2011 shirika la Cochrane lilipitia tafiti 7 zenye watu 182, likakosa ushahidi wa kutosha kwamba tiba hii inafaa. Mwaka 2013 taasisi ya NICE ya Uingereza ilielekeza isitumike kutibu matatizo ya usemi ya watoto wenye usonji.

Maoni yangu ni haya: mzazi asiuze ng'ombe wala asikope kwa ajili ya hedifoni. Anayekuahidi kwamba mtoto atapona kwa siku 10 anafanya biashara na machozi yako. Na ukishindwa kulipa, usijilaumu kwamba umemnyima mtoto wako uponyaji.

Sisemi muziki ni mbaya. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yaliona kwamba mtaalamu anapopiga na kuimba pamoja na mtoto, huenda mtoto akapata nafuu kwa ujumla. Hapo kuna mtu anayemwitikia, siyo mashine tu.

Yapo mambo tunayoweza kuanza leo:

1. Mpeleke mtoto akapimwe masikio. Nta, usaha au uziwi huweza kujificha nyuma ya usonji.

2. Sema naye kwa maneno machache, polepole, ukimwonyesha kitu au picha.

3. Mwambie mapema kwamba kelele inakuja. Kanisani kaeni karibu na mlango, mbali na ngoma na vipaza sauti, ili aweze kutoka akizidiwa.

4. Mwandikishe shule mapema, umweleze mwalimu hali yake.

Nasi majirani tuna wajibu. Mtoto akilia katikati ya ibada, tusimgeukie mama yake kwa macho makali. Tumpishe njia, na tumsaidie kubeba mdogo wake.