Mwenye seli mundu naye apewe banda lake

Leo tutoke kidogo kwenye pamba.

Hapa Nyalikungu nimesikia mara nyingi mzazi akisema, "Huyu mwacheni apumzike, ana seli mundu." Nia ni njema, ila kijana wa miaka 19 kukaa tu kila siku nako kunaumiza. Kweli, palizi ya pamba juani si yake. Uchovu, kiu na baridi vinaamsha maumivu. Lakini kuku je?

Kuna kijana namtembelea, kuku anawapenda tangu utotoni. Kwao waliona ni mchezo tu. Tukaanza na mitetea 5 na jogoo 1. Anahudumia asubuhi jua likiwa bado dogo, chupa ya maji pembeni. Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, haitaki misuli.

Kosa letu lilikuwa kumwachia kila kitu. Alipolazwa, banda likakaa siku mbili bila maji (hata mimi sikupita), vifaranga wakafa. Sasa mdogo wake ana zamu, na daftari linaning'inia mlangoni: nani kalisha, mayai mangapi, chanjo lini. Hata akiwa kitandani, hesabu anasomewa yeye.

Mimi nasema mradi wa namna hii upangwe kwa kuangalia siku zake mbaya kwanza. Kliniki na dawa viko palepale, kuku si tiba. Na wazee wangu, hela ya mayai msimchukulie.

Juzi kaniuliza bei ya bata.