Mwanaume Alikuwa Wapi?

Katika gazeti hili tumezoea kuandika juu ya mpira, kwaya na usafi wa interna. Leo tuko na neno zito, na tunaomba mtusikilize mpaka mwisho mbele ya kukasirika.

Mwaka jana, katikati ya mwaka wa masomo, mwenzetu mmoja wa darasa la pili ya umanite alionekana kuwa na mimba. Siku tatu hazikupita, sanduku lake likafungwa juu ya kinga ya kaka yake, akaenda. Wengi wetu tulisimama ku dirisha kutazama. Kijana aliyempa mimba tulimjua sote, na mwenyewe hakukana. Yeye alibaki. Alifanya mitihani, akapita, na siku ya Pasaka aliimba mbele ya kanisa nzima.

Tulipouliza, tulijibiwa ya kwamba sheria ya Mungu ni sheria, na masomo ya kanisa haiwezi kufumba macho. Neno hilo ni zuri. Basi tukafungua sheria yenyewe, tukaisoma.

Walawi 20, mstari wa 10, na Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 22, zinasema juu ya uzinzi ya kwamba wote wawili wahukumiwe, mwanaume na mwanamke. Sasa twende ku Yoane 8. Waandishi na Wafarisayo wanamleta mwanamke, wanasema alishikwa katika tendo lenyewe. Je, alishikwa peke yake? Tendo hilo halifanyike na mtu mmoja! Walikuwa na Torati mu kinywa, lakini nusu yake waliiacha njiani pamoja na yule mwanaume.

Tena mwenzetu hakuwa mke wa mtu. Juu ya binti asiyechumbiwa, Kutoka 22 inaweka mzigo juu ya mwanaume aliyemdanganya: atoe mahari na kumwoa, na hata baba wa binti akikataa ndoa, mali atalipa tu. Hatufiche ya kwamba Kumbukumbu 22 iko na mistari mingine mikali sana juu ya mabinti. Lakini fasi gani Torati inasema binti atoke na kijana abaki? Tulitafuta, hatukupata.

Wengine watasema: Yesu alitupa sheria, akaweka neema. Sivyo tunavyosoma. Kumbukumbu 17 inaagiza mashahidi wawili ao watatu, na shahidi mwenyewe ndiye wa kwanza kutupa jiwe. Yesu alipomwita asiye na zambi aanze, alishika desturi ile ile ya Torati, akaigeuza kuelekea moyo wa shahidi. Wakaondoka mmoja mmoja, wazee kwanza. Na mwanamke hakuambiwa ya kwamba hakukosa. Aliambiwa aende, asirudie tena. Hukumu iliondolewa kwanza, agizo likafuata. Kwetu sisi mambo yanapinduliwa: mtu ajitengeneze kwanza, kisha tutaona kama tutamhurumia.

Habari hii haimo mu maandiko ya zamani kabisa ya Injili ya Yoane, na Biblia nyingi zinaiweka kati ya alama. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyekufa mwaka 430, aliandika kwamba watu fulani waliiondoa kwa kuogopa wake zao wasione ruhusa ya kukosa. Kama alisema kweli ao hapana, hoja hiyo ni ya wasomi. Lakini woga ule tunaujua, unatembea hata mu koridoro yetu. Watu wanaogopa ya kwamba msamaha utaharibu mabinti. Juu ya vijana wanaume hatujasikia mtu akiogopa.

Sasa ninyi vijana, msipige mikono. Kuna neno linalosemwa mu interna siku ya posho jioni: «Tufanye tu, Mungu atatuhurumia.» Paulo alijibu swali hilo ku Waroma 6, na jibu lake ni hapana, bila kuzunguka. Ku 1 Wakorinto 6 anasema mwili ni hekalu la Roho, na anawaambia watu waliotoka katika uasherati ya kwamba wameoshwa. Mtu aliyeoshwa harudi mu matope kwa sababu sabuni ingali. Na kama mwanaume siye mwanafunzi, ni mtu mzima mwenye kazi na makuta? Hapa tunasimama. Mwenye masikio amesikia.

Na sisi tunaoandika? Juma ile, mtu alitunga wimbo juu ya tumbo la mwenzetu, tukauimba ku kisima, wasichana kwa wavulana. Yeye alikuwa angali mu bweni, alisikia. Hilo lilikuwa jiwe letu. Kijana mwenyewe leo tunakaa naye benchi moja. Tulimpa makala hii aisome mbele ya kuchapwa. Alinyamaza sana, kisha akasema tusiondoe hata mstari.

Hatusemi mimba ni kitu kidogo, wala hatusemi azabu iondolewe. Ku 2 Wakorinto 2 Paulo anazungumza juu ya mtu aliyeazibiwa na kanisa, anasema azabu imetosha, sasa wamsamehe na kumfariji, asimezwe na huzuni. Kwake azabu iko na mwisho. Ya mwenzetu haina mwisho ulioandikwa. Tunaomba wakubwa wetu maneno mawili: kanuni ya masomo iwataje wote wawili, na binti akiisha kuzaa apate fasi ya kurudia darasa lake.

Mtoto ana miezi saba sasa. Mama yake mdogo yule alituletea barua nyuma ya Noeli, anauliza kama mu Septemba anaweza kurudi mu darasa la pili ya umanite, nyanya atabaki na mtoto. Tuliipeleka ku biro ya Prefe. Tunangojea jibu.

Wanafunzi wa darasa la nne ya umanite