Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Majeruhi wa Karatu na Ngorongoro nao ni wagonjwa wako

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Nakala: TAMISEMI, Mkuu wa Mkoa wa Arusha, TANROADS, Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Mheshimiwa Waziri,

Naandika kutoka Karatu. Wageni wa Ngorongoro hulala hapa usiku mmoja na kuondoka alfajiri. Sisi wakazi tunaishi kando ya barabara moja kuu inayobeba kila kitu: watalii, vitunguu vya Mang'ola, kahawa ya Oldeani, watoto wa shule na bodaboda. Ninachokuomba ni kimoja, na mengine yote katika barua hii yanatoka humo: Wizara yako ilipokee jeraha kama ugonjwa wake, kama ilivyoipokea malaria, kifua kikuu na UKIMWI. Leo hii jeraha halina mwenyewe. Likitokea barabarani ni la Polisi, likitokea porini ni la Maliasili, likitokea shambani au jikoni ni la familia. Kwako hufika limechelewa, na mara nyingine halifiki kabisa, kwa sababu limekwenda moja kwa moja makaburini.

Taifa zima linaikumbuka tarehe 6 Mei 2017. Siku hiyo basi dogo lililobeba wanafunzi wa Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha, waliokuwa wakija Karatu kufanya mtihani wa majaribio, lilitumbukia korongoni kwenye mteremko wa Rhotia Marera. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai. Waliokimbilia mwanzo walikuwa wanakijiji na wapita njia, na kati ya wapita njia hao walikuwamo Wamarekani wa shirika la STEMM wenye ujuzi wa tiba. Kwa juhudi za shirika hilo na wenzao, watoto wale wakapelekwa kwa ndege hadi Sioux City, katika jimbo la Iowa, Marekani. Walitibiwa huko, wakarudi nyumbani Agosti ya mwaka huohuo.

Tunashukuru, na hatutaacha kushukuru. Lakini shukrani isituzibe macho. Watoto wale waliokolewa kwa sababu saa ile walikuwapo barabarani watu wanaojua kumshika majeruhi, na nyuma ya watu hao kulikuwa na ndege, hospitali na fedha. Mambo hayo yalikutana kwa bahati. Kazi ya serikali ni kuyakutanisha kwa mpango, ili mtoto wa Rhotia, wa Endulen au wa Mbulumbulu ayapate bila kumtegemea mgeni aliyekuwa anapita.

Msiba ule uliandikwa dunia nzima kwa sababu ulichukua watoto wengi kwa mara moja. Majeruhi wetu wengi huja mmoja mmoja, na hawaandikwi popote. Ni kijana wa bodaboda aliyegongwa usiku akiwa hana kofia ngumu, damu ikavia kwenye ubongo. Ni mama aliyekwenda kutafuta kuni kwenye ukingo wa msitu wa Ngorongoro akakutana na nyati. Ni mchungaji aliyeumwa na nyoka mbali na zahanati. Ni mtoto anayetambaa aliyeangukia mafiga ndani ya boma, na kibarua aliyenaswa mkono na mashine ya kumwagilia. Ni Mhadzabe aliyeanguka kutoka kwenye mbuyu akirina asali. Wakipona, wengi hubaki na mguu uliounga vibaya au mkono usiofunga ngumi. Katika nyumba inayokula kwa jembe au kwa kuchunga, mtu mmoja akilemaa, familia nzima huuza mifugo na mtoto mmoja huacha shule.

Wala hili si la kwetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba majeraha, ya ajali na ya ukatili, huua watu wapatao milioni 4.4 kila mwaka, karibu asilimia 8 ya vifo vyote duniani. Barabarani pekee walikufa watu milioni 1.19 mwaka 2021. Kati ya kila 100 waliokufa barabarani, 92 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina takriban asilimia 60 tu ya magari ya dunia. Bara letu la Afrika ndilo lenye kiwango cha juu cha vifo hivyo kuliko mabara yote. Na kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, barabara ndiyo inayoua kuliko ugonjwa wowote. Hao ndio tunaowachanja wakiwa wachanga, tunaowatandikia vyandarua, tunaowajengea madarasa. Tunawavusha salama katika magonjwa ya utotoni, kisha tunawapoteza njiani wakienda shule au kazini.

Tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Msemo huo hutufariji msibani, na sina ugomvi na faraja. Ugomvi wangu ni pale unapoingia ofisini na kuwa sera. Ajali zina kinga, na kinga zake zimepimwa. Kofia ngumu hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa kwa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Vietnam ilipoilazimisha kwa kila mwendesha pikipiki na abiria wake Desemba 2007, na polisi wakasimamia kweli, uvaaji ulipanda katika muda mfupi hadi zaidi ya asilimia 90. Hapa nyumbani, shirika la Amend limekuwa likitengeneza njia za waenda kwa miguu, vivuko na matuta karibu na shule za Dar es Salaam. Majeraha ya watoto yalipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji. Ilifanyika Tanzania, kwa saruji na rangi. Watoto wanaovuka barabara kuu ya Karatu kila asubuhi wanaistahili pia.

Kinga ikishindikana, kinachofuata ni mbio za muda, na hapo ndipo sisi wa huku tunapopoteza watu ambao hawakupaswa kufa. Aliyeumia Nainokanoka au Endulen husubiri gari. Likipatikana, hupandishwa nyuma ya pikapu, amekunjwa, shingo haijashikwa, na kuzungushwa ukingo wa kreta kwa njia ya vumbi na ukungu hadi lango la Lodoare, ndipo aikute lami. Hospitali ya Endulen, Hospitali ya Kilutheri ya Karatu, FAME na hospitali yetu ya wilaya zimeokoa wengi, na wahudumu wake nawaheshimu sana. Lakini kichwa kikivuja damu ndani, au uti wa mgongo ukiumia, rufaa huelekea hospitali ya Mount Meru Arusha, KCMC Moshi au hadi Taasisi ya Mifupa (MOI) Dar es Salaam, na ndugu huanza kuchangishana mafuta ya gari. Wengine bado hupitia kituo cha polisi kwanza kuchukua fomu ya polisi ya PF3 huku damu inatoka, wakiamini kwamba bila karatasi hiyo hawataguswa. Wengine, kwa kukosa nauli, hubaki kwa mganga wa kuunga mifupa, na wanaofika hospitali baadaye hufika kidonda kimeoza.

Mheshimiwa, mtalii akipinduka na gari kwenye mteremko huohuo wa Rhotia, mara nyingi ana bima itakayomwitia ndege ya AMREF Flying Doctors kutoka Nairobi. Dereva wake, Mtanzania aliyekaa kiti cha mbele, hubaki akitafutiwa gari. Sitaki mtalii apate pungufu. Nataka dereva aliyemleta, na mama aliyejeruhiwa na nyati wanaomvuta mtalii huyo kuja, wasiachwe nyuma na nchi yao wenyewe. Najua pia upo mjadala mzito kuhusu wakazi wa Ngorongoro kuhamia Msomera, wilayani Handeni. Mjadala huo una mahali pake. Mtu aliyeumia leo ndani ya hifadhi anahitaji gari na damu leo, popote atakapokuwa akiishi mwakani.

Sikuandikii nikidhani hakuna kilichofanyika. Fedha za mkopo wa UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, zilijenga pamoja na mambo mengine majengo ya huduma za dharura katika hospitali nyingi za wilaya. Mfumo wa m-mama, kwa namba 115 isiyo na malipo, humtafutia mjamzito na mtoto mchanga gari la wagonjwa, na likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa ambaye serikali humlipa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Misingi ipo. Ndiyo maana maombi yangu ni ya mambo yanayowezekana.

Kwanza, wahesabuni. Polisi huhesabu ajali za barabarani zilizoripotiwa. Anayefia wodini wiki mbili baadaye anaweza asiwemo, na aliyeungua na aliyeumwa na nyoka hawamo kabisa. Kila hospitali na kituo cha afya kiwe na daftari la majeruhi linaloonyesha ameumia wapi, kwa nini, amefika baada ya saa ngapi, na ameishia vipi. KCMC wamekuwa na kumbukumbu za namna hiyo kwa walioumia kichwa. Ujuzi huo uletwe wilayani.

Pili, ifungueni 115 kwa majeruhi. Dereva anayejua njia ya kwenda kumchukua mjamzito Endulen usiku ndiye huyohuyo anayeweza kumchukua aliyevunjika paja. Anzeni na Karatu na Ngorongoro, mpime matokeo, kisha mpanue. Rwanda wameendesha huduma yao ya SAMU tangu 2007, nao si matajiri kutuzidi.

Tatu, wafundisheni wanaofika mwanzo: bodaboda, madereva wa watalii, askari wa uhifadhi, askari polisi, walimu. Kampala walishawafundisha polisi na madereva wa teksi kuzuia damu na kumnyanyua majeruhi bila kumzidishia madhara. Wauguzi wa zahanati nao wapewe mafunzo ya msingi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani, ambayo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoyajaribu mwanzo. Dawa ya asidi ya traneksamiki, ambayo utafiti mkubwa ulionyesha kuwa huokoa wanaovuja damu ikitolewa ndani ya saa 3, iwepo katika kila hospitali ya njiani, pamoja na damu salama na dawa ya sumu ya nyoka.

Nne, tamkeni kwa waraka unaobandikwa mlangoni kwamba majeruhi hutibiwa kwanza; PF3 na malipo hufuata. Kanuni za bima ya afya kwa wote ziseme hivyo kwa maneno yasiyohitaji mwanasheria.

Tano, kaa meza moja na TANROADS, Polisi na Mamlaka ya Hifadhi kuhusu Rhotia, mlima wa Mto wa Mbu, barabara ya Karatu mjini na ukingo wa kreta. Mhandisi akiweka ukuta kwenye kona na kivuko mbele ya shule, anazuia ugonjwa sawasawa na anayegawa chandarua. Lakini hatakuja mezani asipoitwa, na wa kumwita ni wewe mwenye wagonjwa.

Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni, mkoani Arusha, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakafa. Viongozi walifika, salamu za rambirambi zikasomwa. Mkoa wetu umezisoma salamu hizo mara nyingi mno. Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kupunguza vifo na majeraha ya barabarani kwa nusu ifikapo 2030, na Tanzania ni sehemu ya ahadi hiyo. Muda uliobaki ni mfupi.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili. Ukisimama kuwasilisha makadirio ya Wizara yako, sisi wa Karatu na Ngorongoro tutasikiliza kama majeruhi wana fungu lao, lenye kiasi, lenye jina la idara inayowajibika, na lenye tarehe ambayo gari la kwanza la 115 litamfuata aliyeumia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Karatu