Mafuriko Yafundishwe Kabla ya Mvua

Mafuriko ya Januari 2020 wilayani Kilwa yaliikumba pia Njinjo, katika bonde la Mto Matandu. Maji yakiingia vyooni huchukua vinyesi hadi visimani, na kipindupindu huweza kufuata. Hata hivyo, darasani twaridhika wanafunzi wakikariri kwamba choo kisikaribiane na kisima, bila kuwauliza: maji yatapita wapi?

Twapendekeza somo hili lifanyiwe uwanjani. Wanafunzi wafinyange mteremko wa udongo, wachimbe vishimo viwe vyoo na visima, kisha vyoo vitiwe unga wa mkaa. Kabla ya kumwaga maji, kila kikundi kichore njia itakayofuatwa na uchafu na kitoe sababu. Maji yamwagwe kidogo, halafu mengi. Wataona kwamba maji machache hufuata mfereji, bali yakizidi huuacha na kusambaa. Mwalimu asisitize kwamba mkaa huonekana lakini vijidudu havionekani. Hata maji maangavu yachemshwe.

Aliyekariri atajibu mtihani. Aliyebashiri, akapima na kujisahihisha, atawaonyesha wazazi wake kisima kisichofaa kunywewa baada ya mafuriko. Walimu wenzetu, tumwandae huyo wa pili.